Insha ya Mkutubi

Jua lilikuwa linazama Twiga alipolishusha begi kutoka juu ya kabati. Wiki tatu lilikaa pale, na wiki tatu alikuwa akilipiga chenga.

Wenzake walimwita Twiga kwa urefu wake. Ndiye aliyekuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya chuo. Begi lilikuwa la Mkutubi, msichana mwembamba mwenye pumu aliyekaa naye chumba kimoja hosteli, na ambaye alishinda maktaba kuliko wenye maktaba yao. Mkutubi alikuwa amefariki. Mama yake aliomba vitu vya mwanawe, na Twiga aliahidi kuvipeleka kesho. Kesho hiyo ikawa haifiki.

Hata siku hiyo shughuli zilikuwa kibao. Asubuhi mazoezi. Kisha insha, kurasa kumi, mwisho wa kukusanya saa sita mchana, naye hakuwa na hata sentensi moja. Ndipo alipofungua zipu ya begi, palepale juu ya kabati. Ndani mlikuwa na flashi, na kwenye flashi insha ya Mkutubi ya somo hilohilo, imekamilika mpaka nukta ya mwisho. Akafuta jina moja, akaandika jingine. Haikumchukua muda wa kufunga kamba za viatu. Akaichapisha, akaipeleka, akasaini. Mchana akafua, akapitia kwa fundi kuchukua raba zake. Halafu visingizio vikamwishia.

Nyumba ya mama yake Mkutubi ilikuwa ya vyumba viwili, mwisho wa kichochoro. Twiga akavua raba mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Umekuja na vitu vya mwenzio?"

Walikaa sebuleni. Taa ilikuwa haijawashwa. Mama alitoa kitu kimoja kimoja: kanga, daftari, simu, miwani. Kila kimoja alikishika kwanza, kisha akakiweka mapajani.

"Alinipigia simu wiki ile ya mwisho," mama alisema. "Akaniambia, mama, nimekuweka kwenye insha. Mimi kusoma sijui, lakini kuna mtu angenisomea. Hukuiona?"

Shingo ya Twiga ilipata moto.

"Hapana, mama. Nadhani... hakuwahi kuianza."

Mama aliikunja upya kanga iliyokuwa mapajani.

Kisha chumba cha ndani kikakohoa.

Kikohozi kikavu, cha mara tatu, chenye mluzi mwishoni. Harufu ya dawa ya kuchua kifua ikaja taratibu kupitia pazia la mlango. Twiga aliijua harufu hiyo. Ilikuwa ya chumba chao.

"Mama... mna mgonjwa?"

"Niko peke yangu."

"Sasa nani..."

"Sssh. Ndio saa yake."

Sauti ikaanza kusoma. Ya chini, ya taratibu, kama ya mtu anayejisomea kitandani.

"Kazi ya kwanza niliyoiona duniani ni mikono ya mama yangu..."

Twiga aliishika simu iliyokuwa mapajani kwa mama. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Ilikuwa imezimika, baridi kama jiwe. Chaji ilikwisha siku ya mazishi.

"Kila jioni huanza hapo," mama alinong'ona. "Husoma kidogo, halafu hukwama. Mbele sijui alisema nini kuhusu mimi. Nilidhani wewe ungejua."

Twiga alijua. Asubuhi ile alikuwa ameisoma sentensi hiyo, akaona ni nzuri, akaandika jina lake juu yake.

Sauti ikakwama.

Kitanda cha ndani kikalia, kama mtu anaketi.

"Twiga."

Nywele zilimsimama.

"Twiga... mlishinda?"

Hakuna aliyejua habari hiyo. Jumamosi ile mchana Mkutubi alikuwa akivuta pumzi kwa shida, akamwomba ampeleke zahanati. Naye, jezi tayari mwilini, akasema, "Vumilia kidogo, nikimaliza mechi tunaenda." Aliporudi alikuta kitanda kitupu. Majirani wa chumba cha pili walikuwa wamembeba kumpeleka zahanati. Mkutubi hakusema tena na mtu.

Mdomo ukamfunguka wenyewe.

"Tulishinda."

Pazia likasogea. Upepo haukuwapo.

Mama alimgeukia, macho yamejaa machozi. "Wewe anakuuliza? Mimi mamaye hajawahi kuniuliza kitu."

Twiga alikimbia. Alikimbia kichochoro chote pekupeku, raba zake alizotoka kuzichukua kwa fundi akaziacha mlangoni.

Asubuhi alikuwa wa kwanza ofisini kwa mhadhiri. Akamwambia yote, ya insha na ya sauti. Mhadhiri alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Insha ni sifuri, na somo utalirudia mwakani. Hilo nalimudu," alisema. "Hilo la sauti... ulikuwa umechoka, binti, na roho inakusuta. Mtu akiwa hivyo husikia mengi."

"Na mama yake je? Yeye anasutwa na nini?"

Mhadhiri akavaa miwani yake.

Mchana huohuo, jua likiwa utosini, Twiga alirudi kwenye ile nyumba na kurasa kumi zenye jina la Mkutubi mwenyewe. Akamsomea mama zote. Mama alimrudisha ukurasa wa pili mara mbili, pale mwanawe alipoeleza alivyolala akisikia sufuria zikisuguliwa, akajua yuko salama. Insha ilipoisha, Twiga akapiga magoti, akasema na ya mechi.

Mama alizikusanya zile kurasa, akazilinganisha kingo moja moja.

"Nilijua mna jambo, wewe na yeye," hatimaye alisema. "Inuka. Zahanati ni mwendo wa dakika kumi tu, mwanangu. Inuka."

Ingekuwa afadhali angemtukana.

Wiki moja baadaye Twiga alipita kumjulia hali. Mama alikuwa barazani, mikono mapajani.

"Ameacha," alisema. "Tangu uliponisomea, hajarudi."

Twiga alishusha pumzi. "Tumshukuru Mungu, mama. Amepumzika."

"Nishukuru kwa lipi?" Mama alimtazama, wala hakuwa na hasira. "Kila jioni nilikuwa naye. Sasa nakaa na ukuta."

Twiga alikosa pa kuweka macho. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeanza kufika miguuni pao.

"Labda amehamia mahali," mama alisema polepole. "Kwako hajafika?"

"Hapana, mama."

Aliaga, akarudi chuoni kabla giza halijaingia. Hakupanda chumbani. Alikwenda kantini, akakaa meza ya karibu na runinga, penye kelele nyingi kuliko kote, akafungua daftari asilolisoma. Alikaa hapo mpaka saa mbili, mpaka saa ile ya Mkutubi ipite, kama alivyokaa jana, na juzi, na siku zote za wiki ile.