Sekunde Kumi na Mbili za Khulood

Mama zangu na dada zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia ni ya majirani zangu wa ukuta mmoja, hapa mtaani kwetu Madinat Sultan Qaboos, huku Uarabuni. Wenyewe wamenipa ruhusa, kwa hiyo msinune mkasema nasengenya watu.

Ilikuwa nyumba ya raha. Ami Aflah alifiwa na mkewe miaka minne iliyopita, akabaki na mama yake, Bibi Masouda, na binti yake mmoja, Khulood, wa miaka kumi na tisa. Kila alasiri ungemsikia Khulood akimsomea bibi yake habari, na bibi akimkatiza: "Hebu rudia hapo, huyo kasemaje?" Harufu ya mandazi ya iliki ilivuka ukuta mpaka kwangu, na mwanangu Humam, hata mwaka hajatimiza, akainyooshea mikono.

Mimi na Khulood tulisoma pamoja darasa la jioni. Sisi wengine tuliacha skuli tukaolewa. Yeye aliiacha ili amuuguze mama yake. Darasani kwetu wengi wana watoto wadogo, na tuna desturi yetu: mmoja akikosa kwa sababu mtoto anaumwa, mwenziwe humrekodia somo kwa simu akampelekea. Bila ya desturi hiyo nusu yetu tungekwisha kuanguka.

Jumatatu moja mwalimu wetu, Bi Buthaina, alitupa zoezi la kujieleza. "Kila mtu aseme jambo analolifikiri kweli, atoe na sababu. Semeni hata kwa Kiswahili. Humu hakuna wa kumziba mwenziwe mdomo."

Mmoja alisema mahari imezidi. Mwengine akasema wanaume wafunzwe kupika. Zamu ya Khulood ilipofika alisimama, akashika kiti cha mbele yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye haamini kuwa Mungu yupo.

Najua mnaosoma mmeshtuka. Na sisi tulishtuka. Bi Buthaina hakupiga kelele, alimwambia tu, "Toa sababu." Akatoa. Wenzake wakambishia, akawasikiliza, akawajibu. Muda ulipokwisha tukaagana vizuri. Lile lilikuwa darasa, na lilifanya kazi ya darasa.

Kosa lilikuwa langu. Rafiki yetu Taghreed hakuja siku ile, mwanawe alikuwa na homa. Nilimrekodia somo zima nikampelekea kama kawaida, bila ya kujiuliza kama maneno ya mwenzangu yalikuwa yangu kuyatoa nje. Taghreed aliyasikiliza jikoni, sauti juu, huku akikoroga uji. Mumewe, Mutasim, alikuwa kasimama mlangoni.

Mutasim aliichukua ile simu, akakata sekunde kumi na mbili tu, akazirusha katika kundi la WhatsApp la jamaa zetu wa huku na wa Unguja, Ami Aflah akiwamo. Sababu hakuzitia. Kabla ya adhuhuri ya siku ya pili, zilikuwa zimeshafika Unguja na kurudi.

Ami Aflah alimnyang'anya binti yake simu na vitabu. "Skuli basi! Umeniaibisha mimi, umemwaibisha na mama yako kaburini."

Mtihani wa darasa letu ulikuwa umebakia siku tisa. Waliozoea kuja kunywa kahawa, ghafla kila mmoja ana udhuru. Khulood hakula, na bibi yake akasema naye hatokula mpaka mjukuu wake ale. Nilikuwa namsikia msichana analia upande wa pili wa ukuta, nami namnyonyesha wangu, moyo unaniuma kama kidonda.

Siku ya tatu niliiona gari ya Mutasim mlangoni kwao. Nikambeba Humam, nikachukua simu yangu, nikaingia bila ya kualikwa. Bibi Masouda alikuwa kwenye kochi, Mutasim anazungumza.

"Ami, mie naona jambo hili tulipeleke serikalini wenyewe, kabla hajalipeleka mwengine. Wakubwa wamtie adabu. Jina la jamaa litasafika."

Ami Aflah alikuwa kainamisha kichwa. "Ni mwanangu, Mutasim."

"Ndiyo maana nakwambia uwe wa mwanzo."

Mnajua kwamba maneno kama yale ya Khulood, huku kwetu, yanaweza kumfikisha mtu jela. Nikasema, "Ami, nisamehe, aliyerekodi ni mimi. Lakini mlichokisikia si somo, ni kipande. Sikilizeni lote, halafu mwende mnakotaka."

"Hatuna haja," Mutasim akasema.

"Mie nna haja," akajibu Bibi Masouda. "Washa, Mama Humam. Tia sauti."

Nikawasha. Nilisahau kwamba nilianza kurekodi hata mwalimu hajaingia. Kwanza kikasikika kilio cha Humam, maana huenda naye darasani, kisha vicheko, kisha sauti ya mwanamke mmoja ikasema waziwazi: "Masikini Taghreed, hapati kulala. Mtoto ana homa, na mumewe alfajiri haamki kusali mpaka amwagiwe maji!"

Mutasim akaanza kuhesabu maua ya zulia.

"Mwanangu," bibi akamuuliza kwa upole, "na hicho nacho tukikate, tukirushe?"

"Bibi, huo utani wa wanawake tu..."

"Aa, kumbe unajua kwamba maneno yana mahali pake. Basi tulia, tumsikilize mtoto wetu."

Sauti ya Khulood ikaja. Alisema haamini. Halafu zikafuata zile sababu alizozitupa Mutasim: kwamba mama yake alipoumwa, yeye alisali usiku na mchana, na mama akafa, kwamba alipouliza kwa nini, kila mtu alimwambia anyamaze asije akaingia motoni, kwamba hofu haiwezi kumfanya mtu aamini.

"Sisemi mnaoamini ni wajinga," ilisema ile sauti. "Baba yangu husali, na akimwombea mama dua napenda kukaa karibu naye. Lakini nikisujudu hali moyo wangu haumo, nitakuwa namdanganya yeye. Na baba yangu sitaki kumdanganya."

Ami Aflah alijifunika uso kwa mikono miwili. "Miaka minne," akasema. "Anakaa karibu yangu, na mimi sikujua kitu."

"Utajuaje, na kila akiuliza unamfukuza?" Bibi Masouda akasema. "Mungu nnamwomba tangu meno ya utoto hayajanitoka, Aflah. Sijapata kumwona anakimbia suali la mtoto. Wanaokimbia ni nyinyi."

Ami Aflah aliinuka. "Mutasim, binti yangu hendi popote ila darasani. Na wewe waambie watu ulichokifanya."

Mutasim aliandika pale pale: kwamba alikata maneno ya mtu, amekosea, kila mwenye nayo ayafute. Wako waliofuta. Wako ambao mpaka leo hawamwitikii Khulood salamu, sitawadanganya.

Kisha nikamsikia Ami Aflah akigonga mlango wa chumbani. "Fungua, mwanangu. Mimi naamini, na nitakufa nikiamini. Lakini nieleze wewe unavyoona. Sitokupigia kelele."

"Kweli, baba?"

"Nitajaribu."

Mlango ukafunguka.

Khulood alifanya mtihani, akafaulu. Hajaamini, na baba yake hajaacha kumwombea. Wanabishana, wanatania, wanakula sahani moja. Nasi darasani tunarekodi bado, ila hakuna kinachotoka nje mpaka msemaji aseme ndiyo.

MAFUNZO

Kumwacha mtu aseme si kukubaliana naye. Mimi nasali, na sijapungukiwa imani kwa kumsikia Khulood. Mtoto aliyezibwa mdomo haanzi kuamini, anaanza kuficha, na mzazi anayefichwa ameshampoteza mwanawe hali wanalala nyumba moja. Darasa ni mahali pa kufikiri kwa sauti. Tukiligeuza mtego, watoto wetu watajifunza kuogopa tu. Na wewe mwenye simu mkononi, kabla hujayarusha maneno ya mwenzio, yasikilize yote, kisha nenda kamuulize mwenyewe. Ukiona uvivu kufanya hayo mawili, futa.