Vifungo Vitatu vya Baba

Walikutana kwenye duka la vitambaa, watu wamebanana mpaka kaunta, na kijana akamkanyaga binti wa watu.

"Samahani, dada!"

"Samahani haipangusi kiatu."

Binti alikuwa fundi cherehani, gauni la bluu limemkaa kama kalishonea mwilini, utepe wa kupimia shingoni. Kijana alikuwa fundi wa vinanda. Alikuja kutafuta kitambaa cha kuzibia mvukuto wa kodiani, ule mfuko wake wa hewa, nayo kodiani yenyewe ameikumbatia kifuani.

"Basi nikulipe kwa kitendawili. Nikimkumbatia anacheka, nikimwachia analia."

"Mkeo."

"Sina mke!"

"Hilo ndilo nililotaka kujua," binti akacheka. "Ni hiyo kodiani. Hata marehemu baba alikuwa nayo."

Ikawa simu asubuhi, simu jioni. Binti akaitwa Sindano, kijana akaitwa Bwana Upepo, na siku ya posa ikapangwa.

Kodiani ya baba ilikuwa imekufa upande wa kushoto, ule wa sauti nzito. Mzee hakuitengeneza. Alifundisha mkono wa kulia ufanye kazi yote: vidole vitatu, vifungo vitatu kwa mpigo mmoja, sauti tatu zinatoka zimeshikana. Sindano akampigia mchumba wake, akisukuma mvukuto. Ulipojifunga akainua vidole, akaingiza hewa tu, ukafunguka kimya.

"Na wakati wa kuvuta?"

"Hiyo nusu ya pili ya wimbo utaisikia siku ya ndoa. Na hii usimpigie mtu."

"Naapa, mpenzi."

Jumamosi moja mchana Sindano alipeleka gauni la bibi harusi ukumbini. Hajatua mzigo, akasikia. Jukwaani mwanamke wa gauni la njano alikuwa na kodiani mpya, nzima kila upande, lakini mkono wake wa kushoto haukugusa kifungo hata kimoja. Wa kulia tu, vidole vitatu, mvukuto ukifunguka kimya. Watu walipiga makofi. Sindano alitua gauni. Alitoka nje, akapiga simu.

"Kipenzi, nilikuwa nakuwaza sasa hivi!"

"Nani huyo wa gauni la njano?"

"Uko ukumbini?"

"Jibu!"

"Ni dada yangu, tumbo moja!" Kijana akashusha pumzi, akacheka. "Ulidhani nina mwingine? Wivu wako huo, Sindano!"

"Afadhali ungekuwa na mwingine. Ningelia leo, kesho ningenawa uso. Wewe ulikaa ukamfundisha kidole kwa kidole kitu cha baba yangu."

"Alikosa wimbo wa kufungulia sherehe, akanililia. Ni vifungo vitatu tu, mpenzi."

"Tu?"

Sindano akakata simu.

Siku tatu kijana alipiga, haikupokelewa. Ya nne alitoka kazini na gundi vidoleni, akaenda mwenyewe kwa Sindano. Alipofika mlangoni na kuinua mkono abishe, kodiani ikaanza ndani. Sindano alisukuma: sauti tatu alizozijua kijana, zile alizozigawa kwa dada yake. Halafu, vifungo vilevile, vidole havijahama, akavuta.

Zilitoka sauti nyingine kabisa, nzito, kama mtu anayeita jina la aliyekwisha kuondoka. Ndiyo ile nusu ya siku ya ndoa. Kijana akaelewa kwamba siku hiyo haingojewi tena.

Vidole vyake vikaanza vyenyewe kutafuta vifungo hewani, kama vilivyozoea. Akavitazama. Akavikunja, akavitia mfukoni, akabaki amesimama.

Sindano alimwona kupitia dirisha, mpaka ule mkono ulivyoingia mfukoni. Hakumwita. Machozi yalimtoka, lakini akavuta tena, polepole, mpaka mwisho wa mvukuto.