Joto la Ghorofa ya Tatu

Siku ya kwanza ya baridi kali mjini Eskişehir haitangazwi redioni. Utaijua ukipita mtaa wa vipuri nyuma ya soko la zamani, uwaone watu wamejazana madukani na picha za boila, ile mashine ya gesi ya kupasha nyumba moto, kwenye simu zao, kila mmoja akiapa kwamba jana tu ilikuwa inawaka vizuri. Tangu Aprili hakuna aliyeigusa wala kuikumbuka, halafu Novemba ikibisha hodi wote tunataka fundi saa ileile. Ndivyo tulivyo, na hatujifunzi.

Asubuhi hiyo Nesrin alikuwa ameegemea kaunta ya duka la Husnu, akisubiri vali zake. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili, ovaroli ya bluu, sweta jekundu la kufuma, penseli imechomekwa nyuma ya sikio. Ufundi wa boila aliurithi kwa baba yake, marehemu Mzee Rahmi, pamoja na sanduku la spana na wateja wote. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu wa koti la kijivu, miwani imejaa ukungu kwa kutoka kwenye baridi na kuingia ndani.

"Nataka kadi ya umeme ya boila hii," mwanamume akamwambia Husnu, simu mkononi. "Fundi aliyekuja jana amesema imeungua."

Nesrin akageuka. Hakujizuia, maana maneno ya aina hiyo humchoma. "Samahani kaka, naingilia. Ukiiwasha inafanyaje?"

"Inawaka kidogo, halafu inazima."

"Geji ya presha inasoma ngapi?"

"Ina geji?"

Duka zima likacheka. "Ile saa ndogo yenye mshale, chini ya boila," Nesrin akasema.

"Ahaa, ile! Asubuhi naongeza maji. Nyumba ikipata moto mshale unapanda mpaka kwenye wekundu. Nikirudi jioni umelala sifuri."

"Na nje kuna bomba jembamba linatoa maji?"

"Lipo! Umejuaje?"

"Kadi yako nzima kabisa. Kuna tangi dogo la hewa humo ndani, limeishiwa upepo, basi. Hebu rudisha simu mfukoni kabla Husnu hajakuuzia duka lote."

"Wewe dada, unanifukuzia wateja," Husnu akalalamika, lakini alikuwa anacheka.

Mwanamume akavua miwani, akaifuta kwa pindo la skafu, akaivaa tena ili amwone vizuri aliyemwokoa. Alichokiona alikipenda, na mimi simlaumu. Akasema anaitwa Oktay, anatengeneza miwani katika duka dogo karibu na kituo cha tramu, na kwamba tangu Septemba yeye na mama yake wamehamia jengo la Akasya, ghorofa ya tatu.

Nesrin akabaki mdomo wazi. "Akasya? Mama yako ndiye mwenye ufagio?"

"Ufagio gani?"

"Unaonigongea sakafu kila alfajiri! Mimi nakaa ghorofa ya nne, juu yenu!"

"Kumbe ni wewe unayeburuta jeneza saa kumi na moja!"

"Jeneza? Ni sanduku la spana, Bwana Miwani."

Walicheka mpaka mzee mmoja kwenye foleni akawaomba wakachekee nje. Miezi miwili wametenganishwa na sakafu moja, na wamekutana mbele ya vali za Husnu.

Mchana uleule Nesrin alivua viatu mlangoni pa ghorofa ya tatu, akapewa kandambili za wageni. Mama yake Oktay, Bi Makbule, alikuwa kwenye sofa na mablanketi mawili, vidole vimevimba kwa baridi yabisi, ametoa macho.

"Huyu ndiye wa jeneza?" akauliza.

"Ndiye, mama. Nisamehe," Nesrin akasema.

"Nitakusamehe nikipata moto."

Nesrin akafungua kifuniko cha boila. Akamwaga maji, akatoa pampu ya baiskeli kwenye sanduku, akaiunga kwenye tangi na kuanza kupampu. Oktay akamulika tochi akitazama mikono yake zaidi ya kutazama tangi. Alipojaza maji mshale ukasimama pale unapotakiwa kusimama, moto ukawaka, na baada ya robo saa redieta ya sebuleni, lile bati la ukutani linalopitisha maji moto, ilikuwa haishikiki.

"Mikono yako iwe na afya, mwanangu," Bi Makbule akasema, akaishika ile mikono yenye grisi na kuibusu kabla mwenyewe hajaivuta. Sisi huwaambia hivyo mafundi na wapishi kila siku, tena bila kuwaza. Lakini Bi Makbule alilisema neno lile na machozi yakimlenga, na Nesrin, ambaye tangu baba yake afe hakuna aliyemwita mwanangu, akajifanya anatafuta bisibisi.

"Na msiwe kama wale," akasema akifunga sanduku, ili kubadili mazungumzo. "Wale wanaozima boila zao na kuishi kwa joto la jirani. Wamejaa mji huu. Wezi wa kistaarabu!"

Maneno hayo yaweke akilini.

Basi simu zikaanza.

"Fundi, sebule ni joto la pwani ya Antalya, lakini chumba cha mama bado baridi."

"Redieta ya mle ina moto juu na chini?"

"Juu baridi, chini moto."

"Ina hewa. Ufunguo mdogo niliokuachia uzungushe polepole, weka kikombe. Ikianza kutoa maji, funga."

Dakika tano baadaye: "Imenitemea maji meusi usoni."

"Nilisema kikombe, Oktay, sikusema uso."

"Nilikuwa nakuwaza."

"Niwaze ukiwa umefunga vali."

Siku nyingine alipiga kuuliza kama boila inaweza kuugua mafua. Siku nyingine akapiga, akakiri kwamba leo boila haina hitilafu yoyote. "Basi kwa nini umepiga?" "Nimeikosa ile sauti inayonigombeza." Wakaanza kupanda tramu moja asubuhi, yeye na koti lake la kijivu, Nesrin na sanduku ambalo sasa halikuburutwa tena, maana Oktay alikuwa anapanda ngazi kulifuata na kulibeba. Jumamosi moja walikula maandazi ya nyama kando ya mto, mafuta yakiwatiririka viganjani, na Oktay akampa miwani ya kazi aliyomtengenezea mwenyewe, fremu nyekundu kama sweta lake. Nesrin hakuivua mpaka alipofika nyumbani.

Bi Makbule naye akapeleka juu sahani ya majani ya mzabibu yaliyofungwa wali. Sahani ya jirani hairudi tupu kwetu, hilo hata mtoto analijua. Nesrin akaiweka mezani, akawa anafikiria airudishe na nini.

Ila chumba cha Bi Makbule hakikupata moto. Redieta iliwaka moto vizuri, hewa ilitoka, vali zilisawazishwa, na bado Bi Makbule alilala na glavu. Mwishoni mwa Novemba Nesrin alirudi kukagua. Akapapasa ukuta wa nje: vuguvugu. Akapapasa dirisha: halipitishi upepo. Mwisho akapanda kiti, akaweka kiganja kwenye dari.

Dari lilikuwa baridi kama marumaru.

Juu ya dari lile kulikuwa na chumba cha kulala cha Nesrin. Na boila ya Nesrin ilikuwa haijawashwa kwa majira mawili ya baridi.

Ndiyo, fundi wa boila! Mzee Rahmi alikuwa anaamka kabla ya alfajiri, anaiwasha, ili binti yake akiamka akute nyumba ina moto. Siku waliporudi kutoka kumzika Nesrin alifunga bomba la gesi, na tangu hapo hakuweza kuusikia ule mlio wa moto ukiwaka. Akajiambia hashindi nyumbani, ya nini kuwasha. Tena ajabu, nyumba haikuwa baridi sana. Akalishukuru jua la madirisha ya kusini. Aibu ya kusema kwamba sakafu yake ilipashwa joto na watu wa chini hakuwahi kuitamka, hata moyoni.

"Vipi, fundi wangu?" Oktay akauliza, amemshikia kiti.

"Ni ukuta," Nesrin akasema. "Ukuta wa nje ni mwembamba."

Uongo mmoja tu. Ingemchukua dakika moja kusema kweli, nami ningekuwa sina hadithi. Lakini angeanzaje, yeye aliyewaita wengine wezi wa kistaarabu?

Jioni hiyo aliiendea boila yake, akashika bomba la gesi, mkono ukakataa. Kesho yake vivyo hivyo. Akaacha kupokea simu. Akawa anatoka alfajiri sana, amebeba sanduku mikononi, ananyata kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe. Sahani ya Bi Makbule ikabaki mezani.

Oktay alipiga mara ishirini kabla hajapokelewa.

"Nimeleta mtu wa kuta," alisema, bila utani. "Amepima. Anasema ukuta hauna kosa lolote. Nesrin, umenidanganya?"

Nesrin akaitazama sahani iliyokuwa mezani.

"Kama umenichoka, sema. Mimi ni mtu mzima. Lakini mama vidole havikunjiki tena. Nampeleka Antalya kwa dada yangu, na duka nalifunga niwe naye. Jumapili tunaondoka."

"Mnarudi lini?"

"Nirudi kwa nani?" akasema, akakata simu.

Jumapili asubuhi theluji ilikuwa inaanguka. Masanduku mawili yalikuwa mlangoni, Bi Makbule amevaa koti lake la safari na kitambaa cha maua. Nesrin akashuka. Alikuwa amevaa gauni la bluu nzito, la kwanza kuvaa tangu msiba wa baba yake, na mikononi alishika sahani. Juu yake kulikuwa na keki ya walnati, imeungua upande mmoja.

"Nimechelewa kuirudisha," akasema. "Na nina la kusema. Si ukuta. Ni mimi. Boila yangu imezimwa miaka miwili. Joto la chumba cha mama linapanda kwangu, linaishia kwangu. Nilijua siku ile nilipogusa dari, nikaona aibu, nikawadanganya."

Oktay alimtazama kana kwamba hamjui. "Mama yangu analala na glavu, na wewe uko juu unaota joto lake? Wewe? Uliyesema wezi wa kistaarabu?"

"Ndiyo, mimi."

"Ningekusamehe kuzima. Watu wanazima. Lakini wiki mbili umeniacha niamini kwamba hunitaki!"

Nesrin akaiweka sahani juu ya sanduku la safari, akapanda ngazi mbio.

Bi Makbule akakata kipande cha keki, akatafuna taratibu. "Imeungua," akasema. "Oktay, majira mawili msichana huyu hana mtu wa kumwashia moto. Mimi ninaye wewe. Kama joto langu lilimfikia, namshukuru Mungu halikupotea bure. Vua koti, mwanangu, panda juu ukamsaidie."

"Mama, basi linaondoka saa nne!"

"Liondoke."

Oktay alimkuta Nesrin amepiga magoti mbele ya boila ya zamani, gauni la bluu na yote, mlango wazi. Alikuwa ameshafungua gesi. Moto uliwaka, maji yakachemka humo ndani, moto ukajizima. Akajaribu tena, ukajizima tena. Machozi yalimtiririka.

"Pampu imekwama," akasema bila kugeuka. "Inanguruma, haizunguki. Imekaa sana bila kazi. Na mikono yangu, tazama, haishiki bisibisi."

Oktay akapiga magoti kando yake. "Pampu ni ipi? Niambie kama ulivyokuwa unaniambia kwenye simu."

"Hiyo ya duara. Zima umeme kwanza. Fungua kizibo cha katikati, maji yatadondoka kidogo, usiogope."

"Safari hii nina kikombe."

Nesrin akacheka katikati ya kilio.

"Sasa ingiza bisibisi kwenye mfereji, zungusha. Usilazimishe. Nenda, rudi. Nenda, rudi."

Haikusogea. Oktay akavua koti, akajaribu tena. Nesrin akaweka mkono wake juu ya mkono wa Oktay, wakasukuma pamoja, na kitu ndani kikaachia. Oktay akafunga kizibo, akawasha umeme. Boila ikapiga ule mlio, mlio wa Mzee Rahmi wa kila alfajiri, moto ukashika, na safari hii haukuzima. Mabomba yakaanza kugonga moja baada ya jingine, chumba hadi chumba.

"Baba aliiwasha hivi kila siku," Nesrin akasema, "na sikuwahi kumwambia ahsante. Hata siku moja. Nilidhani nyumba ina moto wenyewe."

"Na mimi nilidhani wewe unakuja kwa ajili ya boila," Oktay akasema. Akamfuta machozi kwa mkono uliojaa kutu, akamwachia alama nyeusi shavuni. "Nisamehe kwa maneno ya chini."

"Wewe nisamehe kwa ukuta."

Walikaa sakafuni, migongo kwenye redieta, wakisubiri. Theluji iliendelea nje. Baada ya kama saa moja na nusu, ufagio ukagonga chini yao. Pa, pa, pa.

Nesrin akaruka. "Nimeburuta nini tena?"

Oktay akalaza sikio sakafuni. "Mama!" akaita. "Kuna nini?"

Sauti ya Bi Makbule ikapanda na bomba, imefifia lakini kila neno lilisikika: "Nimevua glavu!"

Nesrin akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Ufagio ukagonga tena, mara moja, kwa nguvu.

"Na hiyo?" akauliza kati ya vidole.

"Hiyo ni ya kunihimiza mimi," Oktay akasema. "Anataka nikuulize kabla chai anayotuandalia haijapoa. Nesrin, utaolewa na mimi?"

Nesrin akainuka, akachukua kiatu chake cha kazi kilichokuwa mlangoni, kizito, cha ngozi. Akainama, akagonga sakafu mara tatu, ili aliye chini awe wa kwanza kusikia ndiyo yake.