Mlango wa Bluu wa Kisumu Ndogo

Asubuhi hiyo Inspekta Kadii alikuwa Kisumu Ndogo, Malindi, akigonga mlango wa bluu. Alikuwa akimtafuta mwizi wa baiskeli aitwaye Kavumbi. Aliyefungua ni mama mmoja, mikono imejaa unga.

"Kavumbi alihama Ijumaa. Chumba sasa ni changu mimi Jedida," alisema. "Kwani siku hizi polisi mnashika milango ama mnashika watu?"

Konstebo Masha aliangua kicheko. Kadii alimkata jicho, akamwomba mama radhi, wakashika njia ya Matsangoni.

Huko, kwenye kituo cha kupima mawimbi, kompyuta ilikuwa imezimika ghafla mara ya tatu. Vipimo vya miezi miwili vilikuwa vimepotea. Meneja, Bwana Thuku, alikuwa na mshukiwa wake tayari: Mwikali, msichana wa zamu, ambaye alikuwa amemfukuza, naye akarudi kwao Kitui. Jumatatu angeshtakiwa kwa kuharibu mashine.

"Mara zote tatu zamu ilikuwa yake," alisema Thuku. "Wataka ushahidi gani tena?"

"Yeye hufanya nini ambacho wenzake hawafanyi?"

Thuku alifikiri. "Ni nadhifu kupita kiasi. Programu ikimaliza kazi tu, anaifunga. Wengine huiacha wazi hadi asubuhi."

Kadii alimgeukia Gerishom, fundi wa programu.

"Wewe ndiye uliyeandika programu ya kufuatilia kiini cha mfumo?"

"Ndiyo, afande. Inaandika kila kinachotokea ndani kabisa ya mashine. Nani kafanya nini, saa ngapi."

"Inaandika jina la programu iliyofanya?"

"Inaandika kielekezi. Yaani anwani ya pale jina lilipo kwenye kumbukumbu ya mashine. Jina lenyewe inakwenda kulisoma baadaye."

"Na programu ikifungwa kabla ya hiyo baadaye?"

Gerishom alijifanya anapanga nyaya.

"Gerishom, nimekuuliza."

"Pale mahali hupewa mwingine, afande."

Kadii aliuona tena ule mlango wa bluu, na ile mikono ya unga.

"Toa tepu ya vipimo. Kisha fungua programu moja, uifunge kama Mwikali."

"Afande, si lazima..."

"Ifunge!"

Gerishom alitoa tepu, akafungua programu moja, akaifunga. Punde skrini ikawa nyeusi ti.

"Lo!" Masha akapiga makofi. "Imekata roho, na Mwikali yuko Kitui!"

Gerishom alijifunika uso. "Nilijua tangu mara ya pili: yangu ikienda kusoma jina kwenye anwani iliyohamwa, mashine nzima huzimika. Programu hii ndiyo iliyonipatia nafasi ya masomo Uingereza. Nikaona nikisema, safari imekufa. Basi nikatia sahihi kwamba ni yeye. Dada wa watu!"

"Kukosea si jinai," alisema Kadii. "Kumsingizia mwenzako ndiyo jinai. Utaandika maelezo upya, yote. Mashine inatibika?"

"Inatibika. Iandike jina lenyewe palepale, isishike anwani. Ni kazi ya nusu siku."

Bwana Thuku alikitazama kiti cha Mwikali. "Mtu asikikalie," alisema kwa sauti ndogo.

Kwenye posta ya Kilifi, Kadii alimpa karani Adhiambo maneno ya simu ya maandishi ya kumpelekea Mwikali: KESI IMEFUTWA. KOSA SI LAKO. RUDI KAZINI.

"Sanduku lao la posta la Kitui tunalo," alisema Adhiambo. "Latosha."

"Halitoshi, dadangu. Andika jina lake. Lote."

Adhiambo aliandika, akatuma. Kadii alivuta kiti, akakaa kungoja. Hadi dirisha linafungwa, jibu lilikuwa bado.