Vidonge Viwili vya Saa Moja Asubuhi

Kila siku saa moja asubuhi, Musimbi alimpa mumewe vidonge viwili na chai. Kwanza cha magoti. Halafu aspirini ndogo, ya kuzuia damu isigande. Kisha ukaguzi ukaanza.

"Inua ulimi, Baba Sylvia."

Mzee Lusweti aliinua. Fundi aliyeshonea nusu ya watoto wa mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, yunifomu, sasa anaangaliwa kinywa kama ng'ombe wa mnada.

"Utaninunua ama utaniacha?" aliuliza.

"Nani anunue mwongo?"

Musimbi alikuwa na sababu. Mwaka uliopita mumewe alipata kiharusi kidogo. Picha ya kichwa ilionyesha kwamba mishipa midogo ya ubongo, myembamba kama uzi, imeharibiwa na presha ya miaka mingi. Daktari akampa dawa ya presha ya usiku na aspirini ya asubuhi. Lakini kiharusi cha pili kikaja. Halafu cha tatu. Sasa mzee aliburuta miguu, na maneno yalimpotea akiwa katikati ya sentensi. Juzi alikata suruali ya mteja, mguu mmoja ukawa wa kaptula. Mteja hakucheka.

"Huenda mwili wake hausikii aspirini," daktari alisema.

Mwili gani? Musimbi alijua huyu mzee anatema dawa. Alimshtaki kwa binti yao Sylvia. Akamshtaki kwa pasta. Wazee wa kanisa wakaja kumwombea Lusweti aache ujanja, na chapati zao wakala.

Jioni moja Jeruto, muuguzi anayeishi mlango wa tatu, alikuja kumpima mzee presha. Ilikuwa juu sana.

"Mama, nitolee dawa zote za hapa nyumbani," alisema. "Hata za kuazima."

Musimbi alimwaga mfuko mezani. Jeruto akaokota karatasi moja ya vidonge.

"Hii ibuprofeni ni ya nani?"

"Hiyo si dawa, ni ya magoti tu. Jelagat hunipatia." Jelagat alikuwa jirani yao, mkimbiaji. Wakimbiaji wa Eldoret huwa nazo kama njugu.

"Mzee humeza saa ngapi?"

"Asubuhi. Hiyo kwanza, halafu aspirini. Mwaka mzima sijaruka siku."

Jeruto aliirudisha karatasi mezani.

"Mama, damu yake ni kama kanisa lenye benchi la mtu mmoja. Aspirini ikilipata, hukaa siku nzima na zaidi, na damu haigandi ovyo. Lakini ibuprofeni ikitangulia, inakalia hilo benchi. Aspirini ikija inakosa mahali, inatoka. Baada ya saa chache ibuprofeni nayo inainuka. Benchi linabaki tupu. Tena hiyo ibuprofeni hupandisha presha."

"Kwa hivyo alikuwa anameza."

"Alikuwa anameza, Mama. Ni kweli kuna watu ambao aspirini haiwasaidii vizuri. Lakini kwanza tunauliza: anameza kila siku? Na anameza pamoja na nini?"

Lusweti alikuwa anatazama mikono yake. "Mimi nilisema," akasema taratibu. "Nilisema... lile neno. Kumeza."

Musimbi alianza kurudisha dawa mfukoni, moja moja.

Kesho yake walirudi kwa daktari na mfuko wote. Ibuprofeni iliachwa. Magoti yakapewa parasetamoli na kukandwa kwa maji ya moto. Dawa ya presha iliongezwa na chumvi ikapunguzwa. Daktari aliwaonya wasiache wala wasianze dawa yoyote bila kumuuliza. Na mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakipotea ghafla, wakimbie hospitali saa hiyo hiyo.

Miezi minane imepita. Presha imeshuka. Kiharusi kingine hakijaja. Lakini kilichokwenda kilikwenda. Miguu bado inaburutwa, mambo mengi yamesahaulika, na cherehani imefunikwa shuka.

Musimbi alikwenda kwa pasta na wale wazee, akawaambia mwanzo hadi mwisho: mzee hakutema hata kimoja. Halafu akarudi nyumbani, akaketi karibu na mumewe.

"Baba Sylvia, nisamehe. Nilikuita mwongo mwaka mzima."

Lusweti alimtazama kwa upole, kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.

"Mimi?" aliuliza. "Lini?"

Musimbi alimweleza yote, tangu siku ya kwanza. Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Huyo mwanamke alikuwa mkali," alisema.

"Alikuwa," Musimbi akasema.