Mkono wa Kuume, Uko Wapi?

Mkono wa Mumbere uliacha kutetemeka Jumatatu moja, saa nne asubuhi. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mumbere alinyamaza akashukuru, na hilo ndilo kosa lake.

Alikuwa kinyozi mtaa wa Kyebando, ugenini. Mkono wa kuume ulikuwa ukimtetemeka miaka mitano, tangu siku alipoukimbia mji wa Beni pamoja na mkewe Mbambu na mtoto wao Gradi, chini ya risasi. Kinyozi anayetetemeka, jamani! Wateja walimruhusu mashine tu. Wembe wakaukataa, maana nani atampa shingo yake mtu wa namna hiyo? Kwa hiyo Mama Esperance, muuguzi Mkongomani mwenzao, alipoanza kuwakusanya watu wenye mishipa iliyochoka katika ukumbi wa kanisa, Mumbere alikuwa wa kwanza kufika na mkeka wake. Walilala chali, wakafumba macho, wakavuta pumzi taratibu. Mama Esperance alipita katikati yao pekupeku, akitaja viungo kimoja kimoja kwa sauti laini.

"Mukono ya kuume. Uilegeze. Uiache. Haiko yako tena, ipumzike."

Mwishoni aliviita virudi, na kila mtu alipaswa kuitikia ili ajulikane kwamba ameamka. "Mukono ya kuume, iko wapi?" Nao hujibu: "Iko hapa."

Jumatatu hiyo Mumbere alipitiwa na usingizi mzito, wa kukoroma. Alipofumbua macho, watu walikuwa wakikunja mikeka. Mama Esperance alimshika bega akicheka.

"Leo umeitika muzuri, Baba Gradi. Na sauti nzito kama ya askofu!"

Mumbere hakuwa ameitika. Alitaka kumwambia hivyo, ila akautazama mkono wake, umetulia tuli, wala kidole hakichezi. Akautia mfukoni akaenda kazini kwa furaha na kwa kitu kingine ambacho hakutaka kukitaja.

Siku tatu alinyoa ndevu kama fundi wa mawaziri. Lakini mkono ulinuka nywele zilizoungua, hata baada ya kuusugua kwa sabuni. Mezani ulikataa kushika bugali. Ulikaa pembeni ukigonga ubao, tak, tak, tak, na akiukemea unaacha kidogo, kisha unaendelea polepole, kwa dharau.

"Unapiga nini, Baba Gradi?" Mbambu alimuuliza kwa kunong'ona.

"Hakuna kitu. Kula."

Alhamisi mchana aliingia Ojok, mlinzi wa benki, mteja wake wa siku nyingi. "Kinyozi, nyoa mimi vizuri," alisema akikaa. "Leo nakwenda ona wakwe."

Wembe ukateremka shavuni vizuri, povu likiondoka na ndevu. Ojok akafumba macho kwa raha. Mkono ulipofika chini ya sikio ukasimama. Mumbere akauvuta. Haukuja. Akauvuta kwa nguvu zote, jasho likimtoka, na ndipo wembe ukapanda juu kwa pigo moja na sikio likabaki linaning'inia kwa kipande cha ngozi.

"Wewe nakata mimi! Wewe nataka ua mimi!" Ojok alipiga teke kioo, akatoka mbio na taulo kichwani, damu ikimwagika mpaka barabarani. Vijana wa boda wakampakia wakamkimbiza hospitali.

Makelele yalimleta Hajati Habibah, mama wa Kinubi mzaliwa wa Kisenyi, aliyeuza udi na manukato duka la pili. Alikuja na chetezo chake kinafuka moshi. Aliunusa ule mkono, ambao bado ulikuwa umeshika wembe, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii si mishipa, baba. Hii jini." Kisha akauambia mkono, kwa sauti ya chini: "Nani alikupa ruhusa?"

Kinywa cha Mumbere kikafunguka chenyewe. "Aliuacha," ilisema sauti nzito. "Ukaitwa. Nikaitika mimi."

Wakati huohuo Mbambu alifika mlangoni na sufuria ya sombe, kisamvu cha mchana cha mumewe. Wembe ulianguka. Mkono ukaruka ukamkaba koo.

Mumbere alivuta, akauma nyama ya mkono wake mwenyewe hadi akaonja damu, akaupiga kwa kiti, akamwita Mungu kwa Kinande, lugha ya kwao, na kwa Kiswahili, na Hajati akasoma dua huku akimwaga makaa ya moto juu ya vile vidole, vikaungua bila kushtuka, na macho ya Mbambu yakaanza kupinduka na miguu yake ikiteleza kwenye povu na damu na sombe iliyomwagika, mpaka Mumbere akamsukuma nje, vidole bado vimemkaba, yeye mwenyewe akabaki ndani, akaulaza mkono kwenye fremu, akaukamata mlango wa chuma kwa mkono wa kushoto na kuubamiza. Mfupa ukalia. Akabamiza tena. Mara ya tatu vidole vikafunguka, Mbambu akaanguka akikohoa, na kicheko kikatoka ndani ya nyama iliyopondeka, kikapita juu ya mabati kuelekea kanisani.

Hajati alimfunga jeraha kwa kitenge huku Mumbere akimweleza ya ukumbini, kisha akamsemesha sikioni. "Umwambie yule mama asiite tena. Hiyo jini imezoea kuitwa."

Hospitalini mkono ulikatwa kwenye kifundo. Mumbere hakuulilia. Mke wake alikuwa hai, na hilo lilimtosha. Lakini Mama Esperance alikuja wodini na supu, akamwombea huku machozi yanamtoka, na Mumbere akaona aibu. Utamwambiaje mtu mwema kama huyo kwamba ukumbi wake una jini? Nitamwambia kesho, alisema moyoni. Hata Mbambu hakuambiwa jini lilikoanzia. Kesho zikafika miezi miwili.

Sasa ni Mbambu aliyetetemeka. Alimwaga chai. Mlango ukibamizwa mahali popote alipiga yowe. Mumbere aliona yote hayo, na bado akangoja.

Jumatatu moja alirudi kutoka kubadilisha bandeji, hakumkuta mkewe. Akatazama nyuma ya mlango. Mkeka nao haukuwepo.

Alikimbia mpaka kanisani, akashika nondo za dirisha kwa mkono wake mmoja. Watu kumi na wanane walikuwa wamelala chali, Mbambu mstari wa mbele. Wote walikuwa wakikoroma. Mama Esperance alisimama amewapa mgongo, macho yamefumbwa, akitabasamu.

"Mama Esperance, usiite!" Mumbere alipiga kelele. Alikuwa amechelewa.

"Mukono ya kuume, iko wapi?"

"Iko hapa," vinywa kumi na vinane vilijibu kwa sauti moja nzito, na mikono kumi na minane ikainuka pamoja. Harufu ya nywele zilizoungua ilimfikia dirishani. Aliutafuta mkono wa mkewe kati ya ile mingine, akauona. Haukutetemeka hata kidogo.