Bega la Papa Ferdinand

Kila asubuhi Nshobole alimtazama baba yake akivaa shati, na kila asubuhi alimdharau kidogo zaidi. Papa Ferdinand aliingiza kwanza mkono wa kulia, polepole, akiwa amekunja uso kama mtu anayemeza dawa chungu. Shingo yake haikugeuka. Ukimwita kutoka nyuma, aligeuka mwili mzima, mabega na kiuno na miguu, kama kabati linalosukumwa.

Nshobole alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na macho yake yalikuwa mepesi kuona kasoro za wengine. Aliona kwamba baba za wenzake pale mtaani Majengo, mjini Goma, walibeba magunia ya makala ya kupikia na kuvunja mawe ya volkeno. Baba yake alikaa. Alikuwa karani wa shirika moja lenye biro, yaani ofisi, mtaani Himbi, karibu na ziwa, na kazi yake ilikuwa kuandika kwenye kompyuta habari za watu waliokimbia vita. Tangu mapigano yaliporudi Rutshuru, watu hao walizidi kumiminika kwenye kambi ya Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji, naye akazidi kuinama juu ya meza yake fupi tangu asubuhi hadi jioni. Akirudi nyumbani alimeza kidonge, akajiegemeza ukutani. Bidoni za maji zilibebwa na Nshobole na mama yake.

"Anachoshwa na kiti," Nshobole aliwaambia wenzake shuleni, nao wakacheka.

Kisha akafika Mjomba Kasereka, kaka wa mama yake, mkulima wa Kalengera, huko Rutshuru. Alikuwa ameacha shamba la maharage likiwa tayari kuvunwa, akatembea kwa miguu na gunia moja kichwani. Alilala chini ya hema la plastiki kule Kanyaruchinya mpaka dada yake, Mama Angèle, alipokwenda kumchukua. Hakupenda kukaa bure. Alipasua kuni, akaziba paa lililokuwa likivuja, akabeba bidoni mbili kwa mara moja, moja kila mkono, bila kupumzika njiani.

Nshobole alimfuata kila mahali. Alianza hata kumwandalia yeye chakula kwanza, akampa donge kubwa la fufu na samaki mnono, kisha ndipo akamwekea baba yake. Mjomba aliisukuma sahani kwa shemeji yake. Nshobole alidhani ni ukarimu wa mgeni. Mama yake alimkanya jikoni, akamwambia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msichana akainua mabega. Kunguni gani, alijiuliza, kwa mtu anayekaa kivulini na kulipwa?

Alasiri moja milio ya silaha ilisikika upande wa kaskazini. Haikupita muda, barabara ikajaa watu waliotoka Kanyaruchinya na magodoro, mbuzi na watoto. Hakuna aliyejua kwa hakika kilichotokea, na kila mmoja alikimbia kwa sababu mwenzake alikimbia. Papa Ferdinand alifika kutoka kazini akihema. Familia ilishika njia ya parokia iliyokuwa karibu, lakini langoni palikuwa na msongamano mkubwa. Watu walikuwa wakiwapitisha watoto juu ya ukuta wa mawe, na wengine waliwapokea upande wa ndani.

Papa Ferdinand akamnyanyua Cédrick, mdogo wake Nshobole, aliyekuwa na miaka minne. Mikono ilipanda mpaka usawa wa kifua, ikafika begani, na hapo mkono wa kulia ukakataa. Ulitetemeka, bega likaruka juu kuelekea sikioni, kisha ukalegea kama kamba iliyokatika. Cédrick akaanguka juu ya mawe, paji la uso likapasuka, damu ikamtiririka machoni. Mjomba Kasereka akamwokota, akampitisha ukutani.

Hofu ya Nshobole ikatoka ikiwa dharau.

"Papa, wewe si kitu," alisema mbele ya watu wote. "Hata mtoto wako huwezi kumnyanyua."

Wanawake waliokuwa karibu waligeuka. Papa Ferdinand alimtazama binti yake, akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akainamisha kichwa.

Kabla ya giza milio ilikuwa imekoma, na watu wakaanza kurudi walikotoka. Cédrick alishonwa kwenye kituo cha afya. Muuguzi aliyemshona alimwomba baba amwinulie taa kidogo, akaona mkono unavyokataa. Akamwambia arudi siku nyingine kumwona Mama Dancille, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye wagonjwa humwita kine.

Siku ya kubadilisha kitambaa cha jeraha, Nshobole alimbeba Cédrick, na baba yake akafuatana nao. Mama Dancille alimwambia Papa Ferdinand avue shati na ainue mikono yote miwili taratibu. Nshobole hakuwa amewahi kuutazama mgongo wa baba yake. Upande wa kushoto, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega uliteleza vizuri. Wa kulia ulisita, ukachomoza kama bawa la kuku aliyenyonyolewa, ukaruka ghafla.

"Weka kiganja chako hapa," Mama Dancille alimwambia Nshobole.

Aliweka. Chini ya ngozi yenye joto alihisi misuli ikikaza na kutetemeka, kama mnyama aliyenaswa.

"Naona shingo nayo haigeuki. Maumivu yake yalianza lini, Papa?"

Papa Ferdinand alijibu kwa sauti ndogo kwamba yalianza mwaka uliopita, wakimbizi walipoanza kuwa wengi. Alikuwa akimeza vidonge ili amalize kazi, kwa maana mtu ambaye habari zake hazijaandikwa hapati unga wala turubai. Hakuwaambia watu wa nyumbani. Aliona aibu kulalamikia kazi ya kukaa, wakati wengine wamepoteza nyumba.

Mama Dancille alieleza kwamba misuli mingi inayoliongoza bega imejishika shingoni na mgongoni. Shingo ikiuma muda mrefu, ubongo hubadilisha amri zake. Misuli ya juu hukaza kupita kiasi, na ile inayopaswa kuutuliza mfupa wa bega huchelewa kuamka na kuchoka mapema. Mkono una nguvu bado, ila umekosa mwongozo. Alikuwa amewaona makarani wengi wa namna hiyo, na wengi wao walichekwa majumbani mwao kabla ya kufika kwake.

Nshobole aliondoa kiganja chake. Alitamani Mama Dancille asingeyasema yale maneno ya mwisho.

Matibabu hayakuwa ya siku moja. Kule biro walimpandishia kompyuta juu ya makasha mpaka ikawa sawa na macho yake, na akaruhusiwa kusimama na kutembea kidogo kila baada ya muda. Nyumbani alifanya mazoezi: kurudisha kidevu nyuma, kusukuma ukuta kwa viganja, kuinua chupa ya maji taratibu. Mama Dancille alitaka mtu wa kushika bega na kusema linaporuka. Nshobole aliomba kazi hiyo mwenyewe. Jioni moja, akiwa nyuma ya baba yake mahali ambapo hakuweza kuonwa uso, aliomba msamaha. Papa Ferdinand akamwambia kwamba lile neno lilimuuma kuliko shingo, na kwamba amemsamehe.

Miezi ilipita. Mjomba Kasereka alipata kiwanja kidogo jirani, akaanza kujenga kibanda cha mbao. Jumamosi moja Papa Ferdinand aliinua ubao juu ya kichwa chake, akaushikilia palepale, bega limetulia, huku shemeji yake akipigilia misumari. Nshobole aliruka kwa furaha.

"Mjomba, umeona? Sasa Papa ni mwanaume kweli."

Mjomba Kasereka aliacha kupigilia. Aliiweka nyundo chini, akamwita karibu.

"Na siku ile mkono ulipokataa, alikuwa nani?"

Nshobole aligeuka kumtazama baba yake.

"Sikiliza, mutoto wa dada yangu. Kumuheshimu mutu kwa sababu amepona, hiyo si heshima. Kesho akiugua tena utamtupa. Mimi nilitoka Kalengera kwa sababu ya watu waliotutazama wakasema, hawa si kitu. Ni hapo vita vinapoanzia, kabla ya bunduki. Sikutegemea kulisikia neno hilo tena hapa Goma, na kinywani mwa mutoto wetu. Usilirudie, hata kwa utani."

"Ndiyo, mjomba," Nshobole alisema.

Papa Ferdinand alikuwa bado ameushikilia ubao. Aliwaambia kwa upole kwamba somo ni zuri, lakini msumari mmoja zaidi ungemsaidia. Mjomba akaichukua nyundo, na Nshobole akaenda kusimama upande wa kulia wa baba yake, akapanda juu ya jiwe na kuweka mikono yake chini ya ubao, karibu na ile ya Papa.